Bubu wa Njia ya Stesheni

Haya jamani, sogeeni! Nyie mlioko kule mwisho, mliokuja msibani kwa ajili ya ubwabwa, sogeeni na sahani zenu, mimi sikatazi mtu kula. Na nyie watoto wa marehemu, futeni machozi kidogo, nikimaliza mtaendelea. Najua toka jana mnanong'onezana: huyu mzee wa Kigogo mbona anamwita baba yetu "baba mkwe"? Kapela ni Mnyamwezi wa Tabora, na mabinti zake hakuna hata mmoja aliyeolewa na zee hili, Mungu aepushe mbali. Ni kweli kabisa. Mimi na Kapela tulikuwa watani. Mgogo na Mnyamwezi, utani wa tangu misafara ya pembe: ukimkuta mwenzio anakula unamnyang'anya, ukimkuta na mkewe unasema huyo mke wangu, na hakuna kesi. Lakini utani wetu ulikufa adhuhuri moja, uwanjani kwa boma la Mjerumani, ukazikwa mwaka uliofuata, na toka hapo mpaka juzi alipokata roho nilikuwa namwamkia mtu huyu nimeinama kama naokota sindano. Matusi yote ya utani nimeyameza. Mnaliona tumbo hili? Si ugali huu, ni matusi ya Kapela. Leo amelala, hawezi kuniinulia kidole. Ngojeni niyatoe.

Mwaka ule reli ilikuwa imeshafika Dodoma na Wajerumani walikuwa wanaisukuma kwenda magharibi. Mvua ilikuwa imetuhama. Si kwamba ilichelewa, ilituhama, ikafunga mizigo ikaenda zake kwa Wahehe. Jua lilikuwa kali mpaka kuku walikuwa wanataga mayai yaliyokwisha chemka. Nzi walikuwa wanatembea kwa miguu, mabawa hayana nguvu. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, mke wangu kajifungua na maziwa hayatoki, na ndani ya tembe letu kule upande wa Nzuguni kulikuwa na ghala la mtama ambalo hata panya walishaliaga. Kwetu mtu akiishiwa anakwenda kuhemea. Na sikilizeni vizuri hapa, nyie watoto wa mjini, kuhemea si kuombaomba. Unachukua kikapu chako, unakwenda kwenye kaya yenye chakula, unakaa pembeni ya zizi, unaweka kikapu mbele yako, unafunga mdomo. Husemi lolote. Mwenye kaya akikiona kikapu ameelewa. Kikirudi kitupu, aibu ni yake yeye, si yako. Mwakani kwake kukikauka, na yeye anakuja kukaa pembeni ya zizi lako na hakuna anayemcheka mwenzake. Sasa sisi tulisimama juu ya kilima tukaiona Dodoma: moshi wa jikoni toka asubuhi mpaka jioni, mabati yanang'aa, magunia yanashushwa. Tukasema, loo, hii kaya ni kubwa kweli, hii haiwezi kurudisha kikapu. Hilo ndilo kosa letu. Tuliuchukua mji tukadhani ni kaya.

Nasema "sisi", sisi nani? Mimi na mama mkwe wangu. Ndiyo, cheka wewe, nawe utaoa. Mke wangu hawezi kutembea na kichanga, baba yake alishakufa, ndugu zake wametawanyika, basi anayekwenda kuhemea ni mama yake na anayemsindikiza ni mimi. Na mkwe wa Kigogo wa siku zile hamumjui. Simwangalii usoni. Sili mbele yake. Jina lake silitaji, hata nikiumwa na nyoka na dawa ikawa ni jina hilo, bora nife. Njia nzima yeye yuko mbele kule, mimi huku nyuma natazama visigino vyake. Nikitaka kumwambia jambo naiambia fimbo yangu. "We fimbo, pale mbele kuna miiba." Naye anakiambia kikapu chake, "We kikapu, tumesikia." Ndivyo tulivyozungumza, mimi na fimbo, yeye na kikapu. Na asubuhi tulipoondoka mke wangu alisimama mlangoni na mtoto kifuani akaniambia neno moja: "Ukirudi bila mama, pitiliza tu. Usisimame hapa."

Mjini mama mkwe akachagua mahali pake, kando ya njia inayotoka stesheni kwenda boma, chini ya ukuta wa duka moja la nguo. Akaketi, akaweka kikapu, akafunga mdomo. Mimi nikapata kibarua cha kuchota maji kwa Bi Zena, mwanamke wa mjini mwenye mgahawa, mama mnene, mcheshi, mkali, ukimwamkia vibaya anakurudishia salamu yako. Malipo yake ukoko. Jamani, ukoko wa Bi Zena! Sufuria lake lilikuwa kubwa, ng'ombe angeweza kuzaa mle ndani, na ukoko wake nilikuwa naubandua kwa jembe. Nusu nakula, nusu nampelekea mkwe: nauweka kwenye kona ya ukuta, nakohoa, naondoka bila kugeuka. Nikilala, nalala chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mchele na mtungi wa maji, ukuta mweusi kwa moshi, na kinachonitenganisha na wateja ni kiwambo cha matete. Nilikuwa sioni mtu lakini nasikia mpaka mtu anavyomeza. Na kila siku nikiwa nasugua masufuria nasikia mji unavyomla mkwe wangu pamoja na mchuzi wa mbuzi.

"Yule bubu wa njia ya stesheni mmemwona? Toka mwezi ule hajaondoka."

"Bubu gani! Yule tajiri. Wagogo wote wale matajiri. Ana ng'ombe zizi zima huko porini, kamwachia mchungaji, yeye amekuja kutukamua sisi."

"Shemeji yangu amemsikia jioni anaongea. Anaongea na kikapu!"

"Basi mchawi."

"Mchawi angekaa na njaa? Kichaa tu yule."

"Mimi nilimpa kipande cha muhogo, bwana. Hata asante hakusema."

"Sasa umesema mwenyewe ni bubu, asante aitoe wapi?"

Kicheko! Na Bi Zena naye anacheka, na bado anaongeza: "Ukimpa leo, kesho analeta ukoo mzima. Nyie wapeni tu, halafu mtaona mkikosa pa kukanyaga." Mimi nyuma ya matete naling'ata gunzi la kusugulia masufuria. Natamani nitoke niwaambie kikapu kile si cha kuomba, mnatakiwa mkione tu muelewe. Lakini nani angenielewa? Mpaka leo, wajukuu zangu, nikipita barabarani nawasikia mnavyowasema wale wanaokaa pembeni pale, nasikia maneno yaleyale: huyo anajifanya, huyo ana nyumba kwao, huyo jioni anatembea vizuri kuliko sisi. Nguo tu zimebadilika.

Sasa huyu Kapela wenu, huyu mnayemlilia, alikuwa askari. Khaki imepigwa pasi, tarbushi kichwani, bunduki, masharubu marefu mpaka akipita mlangoni anaingia ubavu. Siku ya kwanza aliingia mgahawani, watu wote wakanyamaza, Bi Zena mwenyewe akamletea nyama. Mimi napita na ndoo. Nikamsikia anavyoongea, nikajua huyu ni wa Tabora. Njaa ikanituma. Nikaweka ndoo chini, nikanyoosha mkono, nikachukua nyama yote sahanini mwake nikaitia mdomoni. Wee! Mgahawa ukawa kaburi. Bi Zena akashika kichwa. Karani mmoja akaingia chini ya benchi. Kapela akanitazama. Akasimama. Akashika bunduki. Akasema, "We Mgogo, mla ngozi, umeacha mfupa wa nini? Maliza na mfupa!" Tukacheka tukalia machozi. Toka siku hiyo tukawa watani hasa. Ukoko wangu nikiuanika juu ya gunia naukuta umeliwa nusu, na masharubu ya Kapela yana mavumbi ya ukoko. Na kila asubuhi akipita njia ya stesheni anasimama mbele ya mkwe wangu, anagonga visigino kama mbele ya Bwana Shauri, yule Mjerumani mkuu wa boma, anasema, "Mke wangu, umeamkaje? Nimekuletea posho." Anamimina konzi mbili tatu za mtama kikapuni. Mama mkwe anageuza uso, anatazama ukuta. Watu wa mji wanacheka: askari kapata mchumba bubu. Mimi nilijua kinachofanyika. Katika mji mzima ule, mtu aliyekiona kikapu akaelewa alikuwa mmoja tu, na alikuwa na bunduki.

Halafu siku moja mbiu ikapigwa. Mtu wa boma anapita na ngoma, anatangaza: Bwana Mkubwa wa Pwani, gavana mwenyewe, anakuja na gari la moshi, njia ya stesheni isafishwe. Viondolewe: kinyesi cha punda, magome ya miwa, mbwa wasio na wenyewe, na watu wasio na kwao. Kwa mfuatano huohuo, jamani! Mkwe wangu alikuja baada ya mbwa. Mwenye mwenyeji mjini, mwenyeji aende boma adhuhuri amtambue mtu wake. Asiye na mwenyeji atapakiwa kwenye mabehewa ya mawe, apelekwe mbele huko reli inakotandikwa, akavunje kokoto. Na sisi tulishawaona waliorudi toka kwenye kokoto. Wachache. Vijana wenye misuli walirudi wamekuwa kama fito. Bibi yule angefika? Asingefika hata nusu ya njia.

Wateja wa Bi Zena wakafurahi. "Afadhali, mji utapumua." "Wataenda kufanya kazi, si ndiyo dawa yao?" Mimi ndoo ikanidondoka. Bi Zena akaja nyuma, akanikuta nimekaa juu ya gunia nalia kama mtoto. "Una nini wewe?" Nikamwambia. Yule bubu ni mama wa mke wangu. Ukoko unaonipa nusu unakwenda kwake. Bi Zena akashika ukingo wa kanga, akaukunja, akaukunjua. "Na mimi nilivyokuwa nasema..." Hakumaliza. Akanipandishia sauti, maana ndivyo alivyojua kuomba radhi: "Sasa unalia nini, mjinga we! Nenda boma ukaseme ni mkwe wako. Jina lake nani?" Nikatazama gunia. "Jina, kijana!" Nikamwambia, mama, siwezi. "Huwezi nini? Jina linang'ata?" Akanisimamisha mbele ya mtungi, akasema mtungi huu ndiye Bwana Shauri, haya, mwambie. Nikafungua mdomo. Ulimi ukakauka ukawa kama kipande cha ngozi kilichoanikwa juu ya paa. Jasho likanitoka mpaka mtungi ukajaa. Mara tatu nilijaribu, na mara zote tatu kilichotoka ni kikohozi.

Nikamkimbilia Kapela. Nikamkuta njiani kashika kamba. Mwisho wa kamba, mama mkwe. Amemfunga yeye mwenyewe, huyuhuyu baba yenu. Nikasema, "Mtani, mfiche." Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona hacheki. "Nikimficha mmoja nitalipa na mgongo huu, viboko hamsa-ishirini, na yeye atakamatwa vilevile. Nenda ukaseme jina." Akaivuta kamba. Niliona ameifunga legelege, hata mbuzi angeivua, lakini ameifunga. Nikamtukana, na halikuwa tusi la utani.

Adhuhuri, uwanja wa boma. Jua limekaa juu ya vichwa vyetu kama sufuria la Bi Zena. Walioletwa wameketishwa mstari mmoja mavumbini: vipofu, vilema, wazee, mama mmoja na mapacha. Mji mzima umekuja kutazama, wateja wote wa mgahawa, hata yule aliyetoa muhogo. Upande wa stesheni mabehewa yanangoja, na gari la moshi linapiga miluzi kila mara kama linaloharakisha watu. Bwana Shauri amekaa kivulini, uso mwekundu kama pilipili, leso mkononi. Pembeni yake karani wa pwani, kanzu nyeupe. Mtu anaitwa, mwenyeji anasema huyu ni shangazi yangu, jina fulani, anakwenda zake. Anayekosa mwenyeji, Bwana anatikisa leso tu, askari wanamnyanyua. Leso ile! Nimeogopa simba maishani mwangu, nimeogopa Mjerumani, lakini sijaogopa kitu kama ile leso.

Zamu yetu. Karani akauliza, "Huyu bubu ana mwenyeji?"

"Mimi," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya chura.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake."

"Jina lake nani?"

Nikakohoa. Halafu nikakosea zaidi. Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa na uso wake ukawa unanielekea moja kwa moja, na mimi kwa heshima nikafanya nilichofundishwa toka nioe: nikageuka, nikampa mgongo. Na yeye naye, niliambiwa baadaye, kwa heshima hiyohiyo akavuta kaniki akafunika uso. Karani akacheka. "Bwana, mtu huyu mwongo. Jina halijui, na hata kumtazama hawezi. Na mwanamke mwenyewe anajificha, hamtaki."

"Mwulize mwanamke," akasema Bwana Shauri.

Karani akamuuliza. Mbele ya mkwe wake aseme jina lake? Angekufa kwanza. Akaikaza kaniki usoni. Watu wakanong'ona, "Si bubu huyo, mnamwonea." Bi Zena kule nyuma akapaza sauti, "Ni mkwe wake kweli, bwana, mila zao ndivyo zilivyo!" Karani akamwambia anyamaze la sivyo na yeye ataingia kwenye mstari. Gari likapiga mluzi. Mimi nimewapa mgongo, sioni chochote, natazama ukuta wa boma, naona mlango wa tembe letu na mke wangu kasimama. Pitiliza tu. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikasema leo nalitaja, na niokoke au nipasuke. Kikatoka kikohozi.

"Basi," akasema Bwana Shauri, na nikasikia, naapa nilisikia, leso inatoka mfukoni.

Ndipo nikasikia visigino vinagongana. Paa! "Bwana Shauri!" Sauti ya Kapela. "Naomba ruhusa. Huyu mama ni mke wangu."

Jamani. Hata nzi walisimama. Kwa mtani lile ni neno la kila siku, amelisema kila asubuhi njia ya stesheni na mji mzima ni shahidi. Lakini Bwana Shauri atajuaje utani? Kwake yeye askari hawezi kumdanganya Bwana wake mbele ya bendera, maana uongo ule adhabu yake ni mgongo kuchanika. Akamgeukia karani: ni kweli? Karani akawageukia watu: ni kweli? Na wale watu, walewale wa mchuzi wa mbuzi kwa Bi Zena, yule wa tajiri, yule wa mchawi, na yule wa muhogo, wakatazamana. Yule wa muhogo akasema, "Kweli bwana, kila siku anamwita mke wangu." "Posho anampa," akasema mwingine. "Tumeona kwa macho." Hawakudanganya hata kidogo. Bwana Shauri akashusha leso. Mke wa askari hawekwi kwenye mawe. Mke wa askari ana mwenyeji, na mwenyeji wake ni serikali nzima. Akasema, "Mfungue." Kamba ilidondoka yenyewe kabla hajaguswa.

Ingeweza kuishia hapo, tukaenda zetu. Lakini mama mkwe wangu alisimama. Akakung'uta vumbi, akachukua kikapu chake, akamtazama Kapela kuanzia viatu, taratibu, mpaka masharubu. Akafungua mdomo. Bubu wa njia ya stesheni! Kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha karani, maana muda wote ule chini ya ukuta hakuwa bubu wala kiziwi, alikuwa amekaa darasani, na mji mzima ulikuwa mwalimu wake. Kila tusi alilisikia, kila tusi alijifunza nalo neno. Karani aliangusha kalamu. Yule wa muhogo alikimbia, na sikumwona tena mpaka mvua ziliporudi.

Alichokisema nakibakiza kidogo, maana kikitoka mtacheka na hamtasikia mengine. Karani alimtafsiria Bwana Shauri, na Bwana Shauri, ambaye kwa imani yetu alizaliwa bila meno, akayaonyesha yote. Alicheka mpaka leso ikapata kazi ya halali, kufuta machozi. Akaamuru hapohapo mbele ya watu kwamba Kapela atekeleze. Kapela akapiga saluti, amekwama. Mkwe wangu alikaa kwenye kambi ya askari, kwenye kibanda cha Kapela, na Kapela akahamia kwa wenzake. Akawapikia askari, gunia la mtama likatangulia kwa mke wangu, na masika yalipoingia tukarudi Nzuguni, yeye mbele, mimi nyuma, na fimbo na kikapu vinapiga soga njia nzima. Mke wangu alikuwa mlangoni. Sikupitiliza.

Na Kapela alitekeleza! Tulidhani ni masihara, lakini mwaka uliofuata akaja na mbuzi mmoja, mwembamba, mwenye sikio moja. Mama mkwe akampokea mbele ya mashahidi. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Hawakulala nyumba moja hata siku moja, lakini mbuzi ameshapokelewa, basi mtani wangu amekuwa baba wa mke wangu. Utani kwisha! Nyama yake sigusi tena, masharubu yake siyasemi tena, namwamkia nimeinama, na yeye mshenzi anafurahi, anakohoa kama mzee wa baraza. Mpaka anawaoa mama zenu, mpaka nyie mnazaliwa, mimi nimeinama tu. Haya, Kapela, masharubu yako yalikuwa kama mkia wa nyumbu! Miguu yako ilikuwa kama fito za ua! Na ulikula ukoko wangu, jizi we, na nani sasa atakuja kuniibia ukoko?

Ah. Ngojeni. Moshi huu wa kuni mbichi.

Haya basi, alichosema. Bwana Shauri ameshusha leso, kamba iko chini, mji mzima umeacha midomo wazi, gari linapiga mluzi wa mwisho. Mama mkwe wangu amemtazama askari wa serikali tukufu ya Kijerumani toka viatu mpaka masharubu, ameinua kikapu chake kitupu, amekisogeza mpaka chini ya pua yake, na mbele ya bendera akapayuka:

"Mke wako? Ng'ombe wa mahari wako wapi?"